Ngalawa, mashua au jahazi? Familia zinazohama na samaki pwani ya Kilwa

Basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara likifika Somanga, abiria hawahitaji kuambiwa wamefika wapi. Harufu ya samaki wa kukaanga inaingia dirishani kabla ya wauzaji wenyewe. Watu wanashuka, wananunua changu na vibua vilivyofungwa kwenye karatasi, wanapanda, safari inaendelea kuelekea Nangurukuru. Ni wachache wanaouliza samaki wale wamevuliwa na nani, na huyo mvuvi alilala wapi jana.

Mara nyingi jibu ni kwamba hakulala kwake. Amelala dago.

Dago ni kambi ya wavuvi waliohama kwa muda kufuata samaki. Inaweza kuwa ufukwe wa kijiji cha watu wengine, au kisiwa kidogo kisicho na wakazi kati ya vile vinavyozunguka Songosongo. Vibanda ni vya miti na makuti, vingine vimezibwa kwa turubai au viroba vilivyoshonwa. Kuna jiko la mafiga matatu, mapipa ya maji, nyavu zilizotandazwa na chombo kilichotia nanga mbele. Watu hukaa wiki mbili, miezi mitatu, wengine zaidi. Samaki wakipungua, kambi inavunjwa na watu wanahamia kwingine.

Utaratibu huu ni wa pwani nzima. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wanajulikana kwa dago hadi Tanga na Kenya. Wa Kilwa na Songosongo huenda Mafia na kushuka kusini hadi Mtwara. Nao wageni kutoka huko huja Kilwa.

Kwa familia inayoanza maisha haya, swali la kwanza huwa ni la chombo. Linaonekana kuwa swali la baba na fundi wake, lakini linamhusu kila mtu nyumbani, kwa sababu chombo ndicho kinachoamua nani anakwenda na nani anabaki.

Ngalawa: baba peke yake

Ngalawa ni mtumbwi uliochongwa kwenye gogo, mara nyingi la mwembe, ukaongezewa magogo mawili membamba ubavuni ili usipinduke, na tanga la pembe tatu. Inabeba watu wawili hadi wanne na nyavu zao. Haihitaji mafuta, inapita kwenye maji mafupi juu ya miamba, na jioni wanaume wachache wanaikokota hadi mchangani.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ni chombo cha busara. Ikiharibika, fundi wa kijijini anaitengeneza. Wiki isipokuwa na samaki, hakuna deni la dizeli linalosubiri.

Lakini ngalawa haina mahali pa kuweka godoro, wala gunia la unga likae kavu. Maji ya kunywa ni madumu machache. Kwa hiyo anayekwenda dago kwa ngalawa haendi mbali sana, na anakwenda bila mke na watoto. Anafuata mwezi: anatoka wakati maji yanapofaa kwa mtego wake, na anarudi nyumbani kati ya bamvua moja na nyingine kuleta fedha na kufua nguo.

Mama anabaki na watoto, shamba na mikoba ya shule. Ni mzigo mzito, ila nyumba haifungwi. Mtoto anamwona baba yake kila baada ya wiki mbili hivi, na anajua atarudi lini akiuangalia mwezi.

Mashua: mahali vishawishi vinapoanzia

Mashua ni kubwa kidogo. Imejengwa kwa mbao juu ya mkuku na mataruma, na nyuma imekatwa wima, hivyo inafungwa mashine bila shida. Inachukua mabaharia kadhaa, nyavu, barafu au chumvi, mapipa ya maji, sufuria na mikeka. Ndiyo inayotumika sana na wanaovua dagaa usiku wa giza kwa taa.

Gharama yake haishii siku ya kununua. Mbao zinahitaji kalafati: pamba inapigwa kwenye nyufa kwa patasi na nyundo ili maji yasiingie. Chini inapakwa dawa ya kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Mashine inataka mafuta na vipuri. Wengi hawana chombo chao, bali wanafanya kazi kwenye mashua ya tajiri. Mapato yakipatikana, kwanza yanatolewa mafuta na chakula, kisha yanagawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Siku mbaya, baharia anaondoka na kitoweo tu.

Kazi ya dagaa inahitaji mikono mingi nchi kavu. Dagaa wanachemshwa kwa maji ya chumvi, wanaanikwa, wanageuzwa, wanakusanywa kabla ya mvua. Kazi hiyo wanaifanya zaidi wanawake. Wengine hukaanga samaki au kupika chakula cha mabaharia. Fedha ni zao mkononi, na kwa mama ambaye amezoea kusubiri mume arudi, hilo si jambo dogo.

Hapo ndipo familia inapoanza kusema: "Kwa nini tusiende wote?" Mashua ina nafasi. Mama atapata kazi. Watoto watakula samaki kila siku. Nyumba itafungwa kwa miezi mitatu tu.

Jahazi: nyumba nzima inahama

Jahazi ndilo kubwa kuliko yote. Kwa vizazi vingi majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na pwani ya Kilwa kwenda Unguja na hadi nchi za Ghuba. Leo yanaonekana na shehena za chumvi, mbao, nazi au bidhaa za dukani. Familia inayokwenda dago la mbali hulipia nafasi humo na kupakia kila kitu: kitanda cha kamba, kuku, mashine ya cherehani, mabati.

Jahazi linakwenda polepole na haliwezi kukokotwa mchangani kama ngalawa. Linasubiri maji kujaa ndipo liingie au litoke. Likishakushusha na kuondoka, huna chombo chako cha kukurudisha. Mtoto akipata homa usiku kwenye kisiwa kisicho na zahanati, itabidi kuomba mashua ya mtu, kutafuta mafuta na kuangalia upepo. Kwa walio visiwa vya karibu na Songosongo, msaada wa kwanza ni kijijini huko. Hospitali ya wilaya iko Kinyonga, Kilwa Kivinje, ng'ambo ya maji.

Maji nayo ni hesabu. Visiwa vingi vidogo havina kisima cha maji matamu. Kila tone la kunywa, kupikia na kuoshea mtoto linatoka kijijini au bara kwa mapipa. Wazee wa dago husema mtu anayetaka kuhama na watoto ahesabu kwanza mapipa, kisha nyavu.

Upepo una kalenda yake, shule ina yake

Upepo wa kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi huchukua nafasi kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Kusi likikaza katikati ya mwaka, vyombo vidogo hujificha nyuma ya visiwa. Kaskazi ndiyo miezi ya kutoka mbali zaidi.

Biashara ya zamani ilifuata pepo hizohizo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Wafanyabiashara wa wakati ule walikuja na upepo mmoja na kuondoka na mwingine, na aliyechelewa alibaki bandarini miezi kadhaa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalijengwa kwa utajiri wa watu waliojua kungoja. Mgeni anayevuka leo kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa anavuka kwa mashua au boti, na nahodha wake bado anaangalia upepo na maji kabla ya kusema ndiyo.

Wafanyabiashara wale hawakuwa na mtoto wa darasa la tatu anayesubiriwa na mwalimu. Familia ya leo inaye.

Shule za Tanzania hufungwa mapema Desemba na kufunguliwa Januari. Kwa macho ya mzazi, likizo ya Desemba inaonekana imepangwa kwa ajili ya dago: watoto wako huru, bahari imetulia, dagaa wapo. Wanaondoka wote. Januari inafika, na kaskazi bado inavuma. Samaki hawajaisha. Nauli ya kurudi ni kubwa. Baba anasema, "Tumalizie giza hili." Linakuja giza jingine. Mtoto anarudi darasani Machi, wenzake wamefika mbali, na yeye ameshazoea kupewa samaki wa kuuza na kushika noti zake mwenyewe. Wa kiume anaanza kuona shule inamchelewesha. Wa kike ameshakuwa mpishi na mlezi wa wadogo zake.

Ada ya shule ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilishaondolewa, kwa hiyo kinachomkosesha mtoto huyu darasa hapa si karo. Ni miezi miwili iliyopotea bila mtu kuipangia.

Kuna na shamba. Mvua za Lindi huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili hivi. Hiyo ndiyo miezi ya kulima mpunga, mihogo na ufuta, na ndiyo miezi ya dago. Mama akienda kuanika dagaa, ufuta wa kuvuna katikati ya mwaka haupandwi. Faida ya dago inabidi ipunguzwe hasara hiyo kabla mtu hajasema amepata.

Yanayofanywa na wanaomudu

Zipo familia zinazokwenda dago mwaka hadi mwaka na watoto wao wanamaliza shule. Hazina siri kubwa. Nyingi zinaye bibi au shangazi anayekaa na wanafunzi, na posho yake inatengwa kama mafuta ya mashine yanavyotengwa, kabla ya mgao. Wengine mama anakwenda Desemba na watoto, kisha anarudi nao wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, hata kama kazi ni nzuri. Wanaokusudia kukaa mwaka mzima mahali pamoja, kama Songosongo kwenyewe ambako kuna shule, huomba uhamisho rasmi ili jina la mtoto lisipotee.

Huenda pia na barua ya utambulisho kutoka kijijini kwao na kuripoti kwa serikali ya kijiji na kikundi cha ulinzi wa bahari wanakofikia. Mgeni anayejulikana husaidiwa haraka usiku wa homa.

Na kila mtoto anayepanda chombo anavaa boya linalomtosha. Boya la mtu mzima humtoka mtoto majini. Kabla ya kung'oa nanga wanasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye redio au simu, na nahodha mmoja ndiye mwenye neno la mwisho. Wahenga walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani hii, onyo lilitangulia. Mvua iliyofuata ilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Waliokuwa na gari imara walikaa pamoja na waliokuwa na gari bovu. Barabarani angalau palikuwa na mama lishe na kijiji cha jirani. Kwenye kisiwa cha makuti kusingekuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo wazazi wakikaa jioni kujadili chombo, ni vizuri waanze na nani atawalaza watoto Januari shule zikifunguliwa. Kama yupo bibi na posho yake ipo, mashua inaweza kuwa na faida, na mama akapata fedha zake. Kama hayupo, ngalawa inayomrudisha baba kila baada ya wiki mbili inalisha nyumba bila kuifunga. Jahazi linawafaa wanaohama kweli, wakiwa na barua ya uhamisho mkononi na mahali pa kumwandikisha mtoto wanakokwenda.

Bei ya mbao na mashine ijadiliwe baada ya hapo.