Hema la Hiari na Hema la Dhiki: Safari ya Langas



Sisi watu wa pwani hema tunalijua zaidi kwa Mina, siku za Hija, au kwa turubai la harusini. Kulala hemani kwa mapumziko, pamoja na mke na watoto, wengi wetu huliona ni jambo la watalii. Likizo ya shule iliyopita, mimi na ahli yangu tulilijaribu. Tulifikia kwa jamaa zetu Langas, mtaa mkubwa ulio kusini mwa Eldoret, kwenye barabara iendayo Kapsabet, ambako nyumba za mabati zimesongamana ukuta kwa ukuta. Kutoka huko tukaenda kulala katika kambi mbili.

Ya kwanza ni Naiberi, njia ya Kaptagat, kambi ya kando ya mto ambapo kwa miaka mingi wametua wasafiri wavukao Afrika kwa malori. Hapo tulipiga hema letu wenyewe juu ya nyasi. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Mtu wa pwani hujilimbikizia blanketi juu, kumbe baridi yampanda kutoka ardhini. Tandika mkeka na godoro kwanza, ndipo ufikirie blanketi.

Ya pili ilikuwa katika Bonde la Kerio. Barabara hupita Iten, mji wa wanariadha, kisha huteremka kwa kona kali hadi kwenye joto na miti ya miiba. Huko tulikodi hema la kudumu, lenye sakafu ya saruji, vitanda, na bafu nyuma yake. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini mama na mabinti hawakuhitaji kutoka usiku kutafuta choo cha shirika.

Kwa akina mama nina nasaha tatu. Kwanza, taa ikiwaka ndani ya hema usiku, kivuli cha aliye ndani huonekana nje. Izimeni kabla ya kubadili nguo. Pili, ulizeni mapema kama kambi ina baa, na muombe nafasi iliyo mbali nayo. Tatu, kibla: Mombasa twaelekea takriban kaskazini kamili, lakini Eldoret huelemea kidogo mashariki ya kaskazini.

Hema si jambo geni katika dini yetu. Sura ya An-Nahl, aya ya 80, inazitaja nyumba za ngozi, nyepesi siku ya kuhama na siku ya kutua, kuwa ni neema. Waislamu wa Asia ya Kati, kama Wakazaki na Wakirgizi, waliishi katika yurti, hema la duara lililofunikwa kwa sufi ya kondoo. Wasomali wana aqal, nyumba ya kuhamahama ambayo mwanamke ndiye huijenga, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia.

Lakini mafunzo makubwa zaidi tuliyapata Langas kwenyewe. Tulipomwomba mama mwenyeji wetu afuatane nasi Naiberi, alishukuru, akakataa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Langas ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyokumbwa na ghasia. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Eldoret, wakaishi katika mahema. Mei 2008 ndipo serikali ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani. Yeye alikuwa humo na mtoto mchanga. Mvua za masika ziliponyesha, maji yalipita chini ya turubai, naye akalala ameketi, mtoto mapajani.

“Hema, sheikh, nimeshalilala la kunitosha,” alisema.

Wanangu, waliokuwa wakinung’unikia baridi ya Naiberi, walinyamaza.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto kambini. Watajifunza kuchota maji, kuwasha moto, na kuswali alfajiri juu ya umande. Lakini waelezeni kwamba kinachoifanya hema kuwa starehe ni mlango wa nyumba unaowangoja kurudi. Na mkialikwa Langas, asiyetaka kufuatana nanyi msimshurutishe. Keti naye barazani, mnywe chai, mumsikilize. Mwenyezi Mungu awape makazi wote wasio nayo. Amin.