Uji, mji wa chai ya unga

Msomaji wetu asidhani kuwa leo tunamletea habari za futari. Uji tunaouzungumzia hapa si ule wa pilipili manga unaotengwa jioni za Ramadhani. Ni mji wa Japani, ulio kusini ya Kyoto, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni. Katikati yake unapita mto wenye jina hilo hilo, na kwa karne nyingi mji huo umesifika kwa chai ya kijani isagwayo ikawa unga laini, iitwayo matcha.

Tulifika huko mwezi wa Mei, wakati wa mavuno, na jambo la kwanza lililotushangaza ni kuona mashamba ya chai yamefunikwa kwa vitambaa vyeusi. Kiasi cha wiki tatu kabla ya kuchumwa, mche hunyimwa jua. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa matete na majani makavu ya mpunga. Jani lililowekwa kivulini huzidi ukijani na hupungua ukali wake. Likisha kuchumwa hufukizwa kwa mvuke, hukaushwa, hutolewa vijiti na mishipa, kisha husagwa kwa mawe mawili ya duara. Mawe hayo hutoa gramu 40 hivi tu kwa saa nzima, kwani yakizungushwa mbio hupata moto na kuiharibu harufu ya chai.

Unywaji wa chai ya unga ulitoka China. Mtawa wa Kibudha aitwaye Eisai alirejea Japani na mbegu zake mwaka 1191, na mwaka 1211 akaandika kitabu juu ya manufaa ya chai kwa afya. Watawa waliitumia kuondoa usingizi. Baadaye, katika karne ya 16, Sen no Rikyu aliupangilia unywaji huo adabu zinazofuatwa hadi leo.

Adabu hizo tulizishuhudia katika chumba kidogo kilichotandikwa mikeka. Mgeni hupiga magoti na kukalia visigino vyake, mfano wa kikao chetu cha tahiyatu. Wageni wengi hulalamikia miguu. Sisi tulikaa kama waliokaa msikitini.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo, aliweka viganja mkekani akainamisha kichwa kutukaribisha. Hapo moyo wangu ulisita. Kuinama huko kwao ni maamkizi tu, wala hakukusudiwi ibada. Lakini Muislamu amelelewa akijua kwamba rukuu na sijida ni vya Mola wake peke yake. Niliweka mkono wa kulia kifuani, nikaitikia kwa upole. Yule mama alinitazama kidogo, kisha naye akaweka mkono wake kifuani.

Kabla ya chai huletwa kitu kitamu, ili uchungu wake upokewe vyema. Vililetwa vya namna mbili. Mke wangu akamwomba mkalimani aulize kama vina jelatini ya nguruwe au pombe. Nilimkonyeza anyamaze, nikichelea kumvunjia heshima aliyetukirimu. Mwenyeji hakuudhika hata chembe. Aliingia jikoni, akarudi na karatasi aliyoandika viungo. Cha kwanza kilikuwa cha maharage mekundu, sukari na unga wa mchele. Cha pili, akasema, kimetiwa pombe ya mchele. Akakiondoa mwenyewe, akatuomba radhi kwa kutotuuliza mapema. Laiti mke wangu angenitii, ningekula cha haramu kwa ajili ya kuona haya tu.

Kisha akatia unga wa chai kama gramu 2 katika bakuli, akamimina maji ya moto yasiyotokota, akakoroga upesi kwa kifaa cha mwanzi chenye nyuzi nyembamba mpaka povu likapanda. Mgeni huliweka bakuli juu ya kiganja cha kushoto, hulishika kwa mkono wa kulia, na huligeuza kidogo ili asinywee upande wake wa mbele, ulio mzuri zaidi. Tulipiga bismillahi, tukanywa kwa pumzi tatu kama alivyotufundisha Mtume wetu (SAW), na tukamaliza bila kubakisha.

Siku hizi unga huo hutiwa katika maziwa, keki, biskuti na barafu tamu, na umeenea duniani. Chai yenyewe ni jani tupu, haina shaka. Shaka ni katika vinavyochanganywa nayo, basi mzazi asome maandishi ya pakiti kabla ya kumpa mtoto. Tena, kwa kuwa jani lote hunywewa, kafeini yake si haba: haifai kwa watoto wadogo, na mama mjamzito amuulize daktari kwanza. Mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, kwani chai huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Tulirudi Kyoto jua likikaribia kuzama. Njiani nilimwomba mke wangu msamaha kwa kule kumkonyeza. Nilikuwa nikidhani kwamba heshima ya mgeni ni kukubali kila kitu. Kumbe mwenyeji mwema hufurahi kuulizwa, na swali la halali likiulizwa kwa adabu halimvunjii mtu heshima. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi mpole na riziki ya halali popote tuendapo. Amin.