Stesheni ya Baba Mezani Lodwar

Ndugu msomaji, usinicheke. Huku Turkana hatuna reli. Iliyo karibu ilifika Kitale mwaka 1926 ikakomea hapo. Lakini mezani kwangu Lodwar pana stesheni ya Moi's Bridge, alikokuwa marehemu baba akigeuza njia za garimoshi.

Reli halisi ina upana wa mita 1. Yangu ina sentimita 2, basi kila kitu nakigawanya kwa 50. Reli ni waya, mataruma ni vijiti vya makuti ya mkoma, paa ni mkebe wa mafuta ya kupikia (umenikata vidole mara tatu!). Hata baba nimemgawanya: mita 1.75 zikawa sentimita 3 na nusu. Nilimchonga mara nne nikamtupa. Picha yake hatuna, na sura yake imeanza kunitoka. Wa tano nimemwacha bila uso.

Nilipoipeleka stesheni hiyo Kakuma, mtoto wa dada yangu, ambaye hajawahi kuona garimoshi, aliitazama sana.

"Mjomba, huyu anamngoja nani?"

Nikamwambia anangoja garimoshi la kutoka Eldoret. Akatoka mbio, akarudi na gari lake la waya, akalisimamisha mbele ya baba.