Hita ya Morris

Mtu aliyekulia Unguja hujua majina ya pepo kabla hajajua majina ya miezi. Huijua kaskazi na kusi, masika na vuli, na ifikapo Juni au Julai huambiwa kwamba kipupwe kimeingia, basi usiku ajifunike shuka. Baridi yake haipindukii hapo. Lugha yake ina hari, fukuto, harara na vuguvugu. Lakini neno baridi hulitumia hilo hilo kwa maji ya mtungi na, akijaaliwa kusafiri, kwa theluji ya Ulaya. Chombo cha kutia joto ndani ya gari hakina jina la asili kwake, kwani hakuwahi kukihitaji. Huazima, akasema hita.

Kwa bwana mmoja wa Kiunguja, mkaazi wa Portsmouth, neno hilo la kuazima lilikuja kuwa zito. Portsmouth ni mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na ni miongoni mwa miji iliyowapokea Wazanzibari waliotawanyika baada ya 1964. Yeye aliingia huko 1966, kijana wa miaka ishirini, akaendesha mabasi ya abiria mpaka akastaafu. Mwaka 1979 alinunua Morris Minor ya rangi ya kijivu, iliyoundwa 1958, ilhali angeweza kwa fedha zile zile kupata gari mpya kuliko hiyo. Utotoni mwake, mtaani Malindi, mwalimu mmoja alikuwa na gari ya namna hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiiosha kila Alkhamisi jioni, na ndiye aliyemshikia spana fundi kila alipokuja kuitengeneza. Akiwa ndani ya gari yake, Portsmouth ilikuwa haimtii ugeni.

Gari hizo zina historia yake. Morris Minor ilioneshwa mara ya kwanza London mwaka 1948, ikaendelea kuundwa mpaka 1971, na idadi yake ikapita milioni moja na laki sita. Aliyeisanifu, Alec Issigonis, alizaliwa 1906 katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir ya Uturuki. Mwaka 1922, kwa sababu ya vita, yeye na wazazi wake waliondolewa huko kwa meli, na hatimaye akafika Uingereza. Hivyo gari ambayo Waingereza huiona kuwa yao hasa ilitoka katika mkono wa mtoto wa pwani nyingine, aliyeng'olewa kwao. Bwana huyu alilijua jambo hilo, na hakuchoka kulisimulia.

Katika miaka ya mwanzo hita haikuwa sehemu ya lazima ya Morris Minor. Mnunuzi aliiagiza na kuilipia mbali. Gari ya mwalimu wa Malindi haikuwa nayo, na nani angeiulizia? Ya Portsmouth ilikuwa nayo: sanduku la bati chini ya dashibodi, na ndani yake rejeta ndogo ya shaba na pangaboi la kusukuma hewa. Utaratibu wake ni mwepesi. Maji yaliyopata moto ndani ya injini hutoka nyuma ya silinda hedi kwa kupitia bilula, hufuata mpira mpaka kwenye rejeta hiyo ndogo, huacha humo joto lake, kisha hurudi yalikotoka. Joto lenyewe halinunuliwi. Ni lile ambalo injini ingelitupa njiani.

Lakini tangu mwanzo hita hiyo ilitoa vuguvugu tu. Mke wake alizoea kupanda gari na blanketi magotini, kama watu wengine wanavyozoea kuchukua mwavuli. Mwaka 1991 rejeta ndogo ikatoboka na maji yakamwagikia miguuni pake. Bwana akaunganisha mipira miwili ili maji yasipite tena kwenye hita, na blanketi zikawa mbili. Halikusemwa neno.

Mwaka 2009 figo za mke zilishindwa kazi. Akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Damu inayotolewa mwilini ikazungushwa nje hurudi imepoa, na wagonjwa wengi huinuka kitini wakitetemeka hata wakati wa jua. Naye hakuwa na jua: majira ya baridi yaliyokuwa yakiingia mwaka huo yalikuja kuwa makali kuliko yote ya miaka thelathini iliyotangulia. Binti yao akamwambia baba yake kwa adabu, lakini bila ya kuzungusha: "Baba, gari ya mapenzi si gari ya mgonjwa. Nunua nyengine, au tuachie sisi tumchukue Mama." Bwana akaomba muda mpaka Idi Kubwa, iliyoangukia mwisho wa Novemba.

Alianza na bilula. Ilikuwa imeliwa na kutu hata ikamvunjikia mkononi. Mpya ziliundwa bado, akaagiza moja kwa posta kupitia kwa wenziwe wenye gari kama yake. Tundu nyuma ya silinda hedi lilikuwa limeziba, akalichokonoa kwa waya mpaka yakatoka maji mekundu kama chai ya rangi. Rejeta ndogo ndiyo iliyomhangaisha. Ya namna ile hasa hakuipata mpya. Alizunguka masoko ya vyuma vikuukuu, akapata mbili, zote mbovu kuliko yake. Mwishowe mzee mmoja wa Kiingereza, fundi wa rejeta, aliifungua ile ile ya zamani, akaisafisha na kuilehemu. Kisha akaijaza upepo na kuizamisha katika pipa la maji kutazama viputo, kama watu wanavyotafuta tundu la mpira wa baiskeli. Havikutoka.

Ikabaki mota ya pangaboi, iliyokuwa imeungua. Alitia ya gari mpya zaidi, ikazunguka kinyume, hewa ikatoka kidogo mno. Katika gari za Kiingereza za enzi ile, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi; leo hufungwa upande hasi. Mota ya sumaku hufuata njia ya umeme, ukigeuzwa nayo hugeuka. Akabadilisha nyaya mbili, na pangaboi likaenda sawa.

Usiku wa kuamkia Idi aliwasha gari akaizungusha mji kwa nusu saa. Bilula mpya, rejeta nzima, mota yenye nguvu. Na hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu, ile ile ya 1979. Alirudi akasimama mbele ya nyumba, boneti wazi. Mkewe akachungulia dirishani: "Ingia ndani, bwana. Na gari nayo mtu mzima." Hakuingia. Aliweka kiganja juu ya rejeta kubwa, akakiacha hapo bila ya kuungua. Haikuwa hita peke yake, injini nzima ilikuwa haijapata moto. Na mkono ukiwa hapo, akakumbuka.

Kiangazi alichoinunua, gari ilichemka ikipanda mlima wa Portsdown, kaskazini ya mji. Naye alifanya kama alivyomwona fundi wa Malindi akifanya: alifungua nati tatu mbele ya silinda hedi, akatoa kidude cha duara kiitwacho themostati, asikirejeshe. Fundi yule alikuwa na hoja yake, na mafundi wengi wa nchi za joto wangali nayo. Kidude hicho huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike joto lake, kiasi cha nyuzi 82, ndipo kikafunguka. Kikikwama kimefungwa, injini huungua. Basi bora kisiwepo. "Hiki cha Wazungu," alikuwa akisema, "kwao kuna baridi." Kisipokuwepo, maji hukimbilia kwenye rejeta mara moja, na katika nchi ya baridi hayapati moto kamwe.

Bwana huyu alikuwa amehamia kwa hao Wazungu na baridi yao, akaishi humo kwa sheria ya Malindi. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako walimkusudia mtu mwengine, adui wa karibu. Hapa hapakuwa na adui. Palikuwa na ujuzi wa kwao, aliouhifadhi kwa mapenzi, na hakupata siku moja kuuliza kama bado unafaa.

Siku ya Idi, baada ya sala na kula, alikwenda akanunua themostati kwa bei ya sahani ya samaki na chipsi, akaitia na kukaza nati zake tatu. Jumamosi alfajiri wakatoka kwenda hospitali. Hawajafika nusu ya njia, mkewe akaondoa blanketi la juu. Mbele kidogo akaondoa la pili, akalegeza mtandio shingoni. Bwana hakuweza kustahamili.

"Ni mimi," alisema. "Kidude nilichokitoa mwaka ule tulionunua. Ndicho kilichokuwa kikikuletea baridi, miaka yote hii."

Mkewe alinyamaza kidogo. "Nakumbuka ulipokitoa. Ulikuja ndani nacho mkononi, unacheka, ukaniambia sasa gari ni kama ya Malindi. Kazi yake sikuijua. Baridi niliijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeiuza. Na siku zile hukuwa ukicheka pengine ila humu."

Alimpeleka hivyo kwa misimu mitatu ya baridi, mara tatu kwa wiki, wakiondoka gizani. Safari hizo zilikoma 2012. Watoto waliopanda gari baadaye walilalamika kwamba hita inatoa joto mno, wakaomba ipunguzwe. Bwana hakuipunguza. Aliwafungulia dirisha.