Niliandika "vipuri vya boti", nikaumbuka

Mpenzi msomaji, usinicheke. Kuna neno moja lililonikosesha mshiko wa mwezi mzima: "vipuri".

Mwaka jana nilikuwa kibarua kwa wakala mmoja wa mizigo hapa Dar. Akaja mvuvi kutoka Ngazija, akaacha mzigo wake uende Moroni kwa meli, akarudi kwao. Mashine ya boti iliyotumika, rafadha mbili, nanga ya chuma na betri. Mimi mtoto wa mjini nikaona ya nini kujichosha? Nikavirundika vyote kwenye kasha moja la mbao, nikashindilia magunia, nikapiga misumari. Kwenye karatasi nikaandika: "Vipuri vya boti, kasha 1." Huyoo kijiweni!

Bandarini kasha likanuka petroli. Basi wee! Kufunguliwa, kabureta ina mafuta, betri imelala ubavu, asidi imelamba mbao, nanga imepinda jani la rafadha. Meli ikaondoka, kasha likabaki.

Mzee wa ofisini hakufoka. "Kijana, forodhani hakuna fungu la vipuri vya boti."

Kumbe kweli. Sura ya 89 ya orodha ya ushuru ni ya vyombo vyenyewe. Vipuri vimetawanywa kwingine. Mashine ya kupachika nyuma ya boti ni 8407.21, rafadha 8487.10, nanga ya chuma 7316. Halafu kuna madaraja 9 ya mizigo ya hatari: petroli ni la 3, asidi ya betri la 8.

Tukafunga upya. Petroli tukaitoa yote, mashine tukaifunga mikanda kwenye fremu ya mbao. Rafadha kila moja na sponji yake. Nanga kasha lake. Betri ikasimama wima, vichwa vimezibwa, na karatasi zake za mzigo wa hatari.

Ujira wangu ukaishia kulipia gharama za bandari. Lakini si hilo lililoniuma. Yule mvuvi alikaa wiki tatu bahari iko mbele yake, mashine iko Dar. Alipiga simu mara moja tu, kwa upole: "Mdogo wangu, mzigo umefika wapi?"

Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo wewe unayefunga mzigo wa mtu leo, hata kama ni boksi la kwenda Mwanza kwa basi, kumbuka upande wa pili kuna mtu anayesubiri ndipo ale. Au siyo, jamani?