Shida ya Gemu Kwenye Linux Siyo Uwezo Tena, Ni Ruhusa

Hii ya leo ni ndefu kidogo, kwa hivyo weka chai.

Kila wiki lazima mtu aniulize: "Hiyo Linux yako kwani inacheza gemu?" Jibu langu ni ndiyo, halafu naongeza "lakini". Leo nataka tuongee kuhusu hiyo lakini, kwa sababu wengi wanaielewa vibaya. Wanadhani Linux haina uwezo. Hiyo stori ilikuwa ya kweli miaka kumi iliyopita. Siku hizi gemu kubwa ya mtandaoni ikikataa kufunguka kwenye Linux, mara nyingi mashine inaiweza vizuri tu. Aliyekataa ni mwenye gemu.

Swali lenyewe limekuwa moto tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10. Ukiwa Nairobi unajua hiyo inagusa nani. Laptopu nyingi tunazonunua town ni ex-UK: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, mashine zilizofanya kazi kwenye ofisi za ng'ambo, zikastaafu, zikaletwa huku. Mwili mgumu, kibodi tamu, bei ambayo mwanafunzi anaweza kuchanga. Sasa Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha rasmi, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha nane. Core i5 ya kizazi cha sita au cha saba iko nje, hata kama bado inafanya kazi yako yote ya shule bila kuhema.

Kwa watu wa kawaida Microsoft waliongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama, hadi 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, karibu shilingi 3,900, ama unapata bila pesa ukikubali kuunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti yao. Poa, kama unaitaka ichukue. Lakini mwaka ni mwaka. Ukiisha, mathe hatanunua laptopu nyingine ati kwa sababu kampuni ya Marekani imebadilisha orodha.

Hapo ndipo Linux inaingia. Unapakua Linux Mint bure, unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwa hiyo flashi. Diski yako haiguswi bado. Unaangalia kama WiFi inashika, kama sauti inatoka, kama skrini iko sawa. Ukiridhika, unahifadhi mafaili yako mahali pengine kwanza, ndiyo uiweke kabisa. Yangu ni ex-UK ya kizazi cha saba, RAM 8, na ndiyo ninayotumia kuhariri video na kuandika hii unayosoma.

Na gemu? Agosti 2018, Valve, wenye Steam, walitoa kitu kinaitwa Proton. Ifikirie kama mkalimani. Gemu ya Windows huongea na kadi ya picha kwa lugha ya DirectX. Linux haijui DirectX, inajua Vulkan. Proton inakaa katikati, inasikiza huku na kutafsiri kule, haraka kiasi kwamba kwenye gemu nyingi hutaona tofauti. Na Valve hawakuanza kutoka sifuri. Msingi wake ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, wakati wengi wetu hata wazazi wetu walikuwa hawajajuana.

Februari 2022 wakaanza kuuza Steam Deck, konsoli ya mkononi inayoendeshwa na Linux. Haiuzwi rasmi hapa Kenya, lakini faida yake ilitufikia, kwa sababu ili Deck iuzike ilibidi maelfu ya gemu zikubali Linux. Elden Ring, Cyberpunk 2077, Baldur's Gate 3, zote zinacheza. Laptopu yangu haiwezi hizo, na hata ningekuwa Windows isingeziweza, kwa sababu haina kadi ya picha ya maana. Mimi ni wa Stardew Valley na Hollow Knight, na niko sawa. Oktoba 2025 Linux ilivuka asilimia 3 kwenye takwimu za Steam kwa mara ya kwanza. Ni kidogo, najua. Lakini tulipotoka ni mbali.

Sasa tuje kwa lakini.

Gemu nyingi za ushindani mtandaoni zina programu ya kukamata wanaochiti. Mimi huiita soja. Soja wa kawaida anakaa kwenye geti: anaangalia gemu yenyewe na kinachoendelea karibu nayo. Soja wa kisasa anataka zaidi. Anataka kuingia kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo, mahali ambapo programu inaweza kuona na kufanya karibu kila kitu kwenye kompyuta. Vanguard, soja wa Valorant, huanza kazi kompyuta inapowaka, hata kabla hujafungua gemu. Ni kama soja wa ploti kukwambia hawezi kuzuia wezi hadi umpe ufunguo wa chumba chako cha kulala, na awe ndani usiku kucha.

Kwenye Linux huyo soja hapati ufunguo kirahisi hivyo, na hapo ndipo kampuni zinafunga mlango. Apex Legends ilikuwa inacheza kwenye Linux vizuri hadi 31 Oktoba 2024, EA walipoizuia wakisema ni njia inayotumiwa na wanaochiti. Mwezi mmoja kabla, Septemba 2024, GTA Online ilipata soja anayeitwa BattlEye na watu wa Linux wakajikuta nje, ingawa ile gemu ya stori bado inacheza. Battlefield 6 hakuna. EA Sports FC kwenye kompyuta ya Linux, sahau.

Hii ndiyo sehemu inayonikera. BattlEye walishasema tangu 2021 kwamba soja wao anaweza kufanya kazi na Proton, mwenye gemu akitaka. Easy Anti-Cheat pia, mwaka huohuo. Elden Ring inatumia Easy Anti-Cheat na inacheza mtandaoni kwenye Linux. Helldivers 2 ina soja wake mkali, na bado inacheza. Kwa hivyo mtu akikwambia "Linux haiwezi", muulize ni gani hasa iliyoshindwa. Kwa gemu kama GTA Online swichi ipo, wenyewe ndio hawajaibonyeza.

Niwe mkweli pia upande wao. Kuchiti ni ugonjwa. Hakuna kitu kinaudhi kama kupigwa risasi na mtu anayeona kupitia ukuta. Na Linux kweli iko wazi: mtu anaweza kubadilisha keneli yake mwenyewe, kwa hivyo soja hana uhakika anachoonyeshwa ni ukweli. Ongeza hapo kwamba sisi ni wachache tu, na mhasibu wa kampuni atakwambia haina haja. Hesabu yao naielewa.

Lakini hata mahali ambapo soja ana ufunguo wote, wanaochiti hawajaisha. Na ufunguo wa keneli una bei yake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama CrowdStrike ilituma apdeti yenye kosa kwa programu yake inayokaa kwenye keneli ya Windows, na kompyuta takriban milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikakwama viwanjani. Hao ni watu ambao kazi yao ni usalama, wanaolipwa na mabenki. Sasa mimi nimpe mtu ufunguo uleule kwenye mashine yenye kazi zangu za shule, picha za familia na akaunti zangu zote, ndiyo nicheze raundi mbili kabla ya kulala?

Mimi nimesema hapana, na hapana hiyo ina gharama. Ijumaa usiku grupu yetu ya WhatsApp inawaka, mabeshte wanaitana kuingia kwenye gemu moja ya risasi, na mimi siko. Asubuhi wanacheka mambo ambayo sikuyaona. Watu wa Linux huwa hawaongei hii sehemu. Wanakwambia "cheza gemu nyingine tu", kana kwamba tunacheza kwa sababu ya gemu peke yake.

Ndiyo maana cuzo wangu aliponiuliza juzi kama aweke Linux, sikumhubiria. Nilimuuliza anacheza nini na nani. Akasema FC na maboyz wa shule, kila wikendi. Laptopu yake ni ya kizazi cha kumi, Windows 11 inaikubali. Nilimwambia abaki alipo. Ukimdanganya mtu kwamba kila kitu kitacheza, atarudi Windows baada ya siku mbili na hatakuamini tena. Lakini kama laptopu yako imeachwa nje ya orodha na gemu zako ni za kucheza peke yako, sioni kinachokuzuia. Ingia ProtonDB, tafuta gemu zako moja moja, usome wachezaji wenyewe wanasema nini kabla hujagusa chochote.

Najua pia Valve si malaika. Mwaka 2012 bosi wao Gabe Newell alilalamika hadharani kuhusu Windows 8, na tangu hapo Linux imekuwa bima yao dhidi ya Microsoft. Mashine zao za kwanza za sebuleni, za 2015, zilibuma. Novemba 2025 wametangaza Steam Machine mpya, inayoendeshwa na Linux. Siipigii makofi kwa mapenzi. Ninachotaka ni ile hesabu ya mhasibu ibadilike. Asilimia yetu ikiendelea kupanda hadi 10, kumfungia mtu wa Linux mlango kutakuwa ni kukataa pesa, na pesa huwa hawakatai.

Kwa hivyo ukiona habari kwamba gemu fulani "haisapoti Linux", usiishie kwa kichwa cha habari. Angalia soja wake ni nani, na kama anakubali Proton. Halafu jiulize kama ungemkabidhi ufunguo hata ukiwa Windows.

Wewe uko upande gani? Ungempa soja ufunguo ndiyo ucheze na mabeshte, ama ungebaki nje na mimi? Niambie, na useme ni gemu gani inayokufanya ujibu hivyo.