Mbuzi wa Kuuza, Punda wa Maji

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuinua mbuzi walioanguka. Lori lilipotoka Marigat, huku Baringo, jioni nilikaa juu ya vyuma vya nyuma, na kila nilipoona mbuzi amelala nilishuka katikati yao, nikamshika pembe na mkia, nikamsimamisha. Mbuzi akilala ndani ya lori lililojaa hukanyagwa na wenzake, asifike hata Nakuru. Alfajiri, soko la Kiamaiko jijini Nairobi, tajiri alihesabu waliosimama tu. Tangu wakati huo sikubali mtu aniambie kwamba mateso ya mfugo huanzia kwenye kisu. Huanza mapema zaidi, kwa mtu anayejaza lori moja mbuzi wa malori mawili.

Nilipopata mbuzi wangu mwenyewe nikawa mfugaji, na ndiyo kazi iliyosomesha watoto wangu. Baringo ya chini mahindi hupandwa kwa kubahatisha. Mvua ikikataa, mbuzi atasimama kwa miguu ya nyuma achume majani ya mgunga, na Desemba ikifika nitampeleka mnada wa Kimalel, ambako watu wa mjini huja kununua nyama ya Krismasi. Nyama kwetu ni chakula, ni karo, ni mahari, ni heshima ya mgeni. Anayetaka nchi nzima iache nyama aje kwanza aone shamba langu mwezi wa pili, anionyeshe atakachopanda.

Wala hatukungoja mtu wa mbali atufundishe kuwahurumia wanyama. Mti wa mathenge uliletwa huku miaka ya themanini kuzuia jangwa, ukageuka msitu wa miiba uliofunga malisho. Maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Nimewahi kumfungua mbuzi mdomo nikakuta ufizi mtupu mbele, naye anajaribu kukata jani kwa midomo, linateleza. Mbuzi kama huyo hufa njaa akiwa amezungukwa na majani. Wenzetu wa jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Waliompeleka walikuwa wafugaji, watu wanaochinja na kula.

Kisha yakaja ya punda. Mwaka 2012 sheria ya Kenya ilimwingiza punda kwenye orodha ya wanyama wa kuchinjwa, na kuanzia 2016 vichinjio vikafunguliwa, kimoja huku kwetu Baringo. Ngozi ndiyo iliyotakiwa: huchemshwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Majirani wengine waliuza kwa hiari, na siwalaumu, kwani bei ilikuwa nzuri na punda ni mali yao. Lakini muda si mrefu punda wakaanza kutoweka usiku. Asubuhi moja tulifuata nyayo hadi korongoni tukakuta wa jirani yangu, mama mjane: vichwa, kwato, nyama yote imeachwa kwa fisi, ngozi zimekwenda. Punda mmoja wa mama yule alibeba mitungi minne ya lita 20 kutoka mtoni. Kuanzia siku ile maji yalibebwa kwa mgongo wake na wa binti yake, na binti akawa anachelewa shule. Punda hubeba mimba mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilipotoa ripoti yake mwaka 2019 kwamba wanachinjwa kwa kasi kuliko wanavyozaliwa, sisi tulikuwa tumeshaliona jambo hilo kisimani.

Hapo ndipo nilipokutana na wanaharakati wa haki za wanyama. Walikuja kwenye baraza la chifu, na kati yao alikuwemo binti mmoja wa Nairobi asiyekula nyama wala kunywa maziwa. Tulimpikia ugali na mboga ya managu, akala vizuri. Baadaye akaniuliza, "Mzee, kama unamlilia punda, mbuzi je? Naye si anaogopa?"

"Anaogopa, binti yangu," nilimwambia. "Ndiyo maana simchinji mbele ya wenzake, wala sinoi kisu akikiona. Lakini nitamchinja, na nitakula."

Hakukubaliana nami. Akasema uhai ni uhai. Mimi nikamwambia sahani yake ni uhuru wake, sitaigusa, na yangu aiache hivyo hivyo. Ila akiniona ninampiga mnyama au ninamfunga kwenye jua bila maji, aniite mshenzi mbele ya watu, maana uhuru wangu haufiki huko. Tulibishana hadi gari lao likawashwa.

Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo, lakini Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, mkutanoni Addis Ababa, wakakubaliana kukomesha biashara ya ngozi za punda barani kote. Nilifurahi sana. Kuna mfugaji aliyeniuliza kama sasa wanaharakati watahamia kwa ng'ombe, kisha mbuzi, na hofu yake ninaielewa. Siku wakija kunikataza nyama, nitasimama barazani kuwapinga kwa nguvu zangu zote.

Ila yule binti hakuja kunikataza. Alirudi kuniuliza habari za malori. Tumeandika ombi moja kwa wakuu wa mnada, majina yetu yakifuatana: kuwe na njia ya mteremko ya kupakilia badala ya kuwashika mbuzi miguu na kuwarusha, kuwe na maji kabla ya safari, na idadi ya mbuzi kwa kila lori iandikwe na ikaguliwe barabarani. Njia ya kupakilia imejengwa kwa saruji. Maji yapo siku tanki likiwa limejazwa. Idadi bado haijaandikwa, na vijana bado wanapanda juu ya vyuma kuinua walioanguka.